Historia fupi ya pampu ambayo ikifa hakuna anayelia

Leo naomba tuweke kando mambo ya seva, hifadhidata na PHP. Nataka tuzungumze juu ya pampu. Si pampu ya maji, wala ile ya kujazia baiskeli upepo, bali pampu ndogo ya hewa inayokaa chini ya boneti za baadhi ya magari ya petroli. Wenye magari hayo wengi hawajui kama ipo mpaka siku taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi. Kama unajiuliza mwandishi wa programu anatafuta nini huko kwenye grisi, nivumilie kidogo. Historia ya pampu hii ni historia ya swali linalotusumbua sisi watu wa kompyuta kila siku: utajuaje kuwa kitu kimeharibika, ikiwa kuharibika kwake hakumuumizi yule anayekitumia?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake. Injini ya petroli haichomi mafuta yote inayopewa. Sehemu ndogo hutoka ikiwa mbichi (hizo ndizo haidrokaboni), na nyingine hutoka ikiwa imeungua nusu tu, yaani kaboni monoksaidi, sumu ile ile isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Pampu huvuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya ekzosi, karibu kabisa na pale moshi unapotoka kwenye injini ukiwa bado na moto mkali. Hewa inaleta oksijeni, moshi unaleta joto na mafuta yaliyobaki. Vikikutana, mabaki yanaungua humo humo njiani, na kinachotoka nyuma kinakuwa zaidi mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Ni sawa na kupepea jiko ambalo makaa yake yameanza kufifia. Wahandisi wanaiita hewa ya pili, kwa sababu hewa ya kwanza ni ile iliyoingia kwenye injini pamoja na mafuta.

Sasa twende mahali ilikozaliwa.

Ukungu wa Los Angeles

Julai 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, jiji la Los Angeles liliamka na ukungu mzito uliowasha macho na kukwaruza koo. Wapo waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Halafu kidole kikaelekezwa kwa kiwanda kimoja cha mjini kilichokuwa kikitengeneza malighafi ya mpira bandia. Kiwanda kikafungwa kwa muda. Ukungu ukabaki pale pale.

Mwaka 1947 wilaya ya Los Angeles ikaunda mamlaka ya kupambana na uchafuzi wa hewa. Walianza na viwanda, mitambo ya kusafisha mafuta, na moto wa kuchomea taka nyuma ya nyumba. Hayo yote yalikuwa makosa ya kweli, lakini mkosaji mkubwa alikuwa bado anapita barabarani kila asubuhi bila kuulizwa swali.

Aliyemfichua alikuwa Mholanzi, Arie Haagen-Smit, mwanakemia wa chuo cha Caltech. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza mambo matamu zaidi: harufu ya nanasi inatokana na kemikali gani. Alitumia ustadi ule ule kuichunguza hewa ya jiji. Akaonyesha kwamba haidrokaboni na oksidi za naitrojeni zikipigwa na jua kali zinageuka kuwa ozoni na sumu nyingine zinazowasha macho na kupasua mipira ya magari. Hivyo basi, mkosaji hakuwa moshi mweusi unaouona. Gesi usizoziona ziliingia hewani asubuhi, jua likazipika, na mchana watu wakalia machozi. Aliyachapisha matokeo yake mwaka 1952, na mshale ulielekea kwenye viwanda vya mafuta na kwenye magari.

Wenye viwanda vya magari hawakufurahi. Kiongozi mmoja wa wilaya hiyo, Kenneth Hahn, alianza kuwaandikia barua mwaka 1953, akiuliza wanafanya nini. Jibu la kwanza kutoka Ford lilisema moshi wa magari hutawanyika haraka hewani na hauleti tatizo la uchafuzi. Hahn hakukata tamaa. Aliendelea kuandika kwa miaka mingi.

Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu. California ilitunga sheria yenye mtego ndani yake: mara tu bodi ya jimbo itakapothibitisha kwamba vifaa vya kusafisha moshi vipo na vinafanya kazi, magari mapya yatalazimika kuwa navyo. Viwanda vya magari vilisema haviwezi kuwa tayari kabla ya magari ya mwaka 1967. Juni 1964 bodi ikaidhinisha vifaa vinne, vyote vimetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, si wao. Haikuchukua muda, wale wale waliosema haiwezekani wakatangaza kwamba wanaweza kuyatayarisha magari ya mwaka 1966 kwa vifaa vyao wenyewe. Ajabu ya Musa! Mwaka 1969 serikali ya Marekani iliwashtaki kwa kula njama ya kuchelewesha teknolojia ya kusafisha moshi, na kesi hiyo ikamalizwa kwa makubaliano mwaka huo huo bila kufika mwisho wa mahakama.

Basi ndivyo pampu ilivyozaliwa. General Motors waliipa jina A.I.R., Ford wakaiita Thermactor, na American Motors wakasema Air Guard. Chrysler walishika njia nyingine: Cleaner Air Package yao haikuwa na pampu, walirekebisha kabureta na muda wa kuwasha cheche ili mafuta yaungue vizuri tangu mwanzo. Magari ya 1966 ya California ndiyo yaliyotangulia, na ya 1968 yakafuata nchi nzima.

Kwa nini ilichukiwa

Pampu ya wakati ule ilizungushwa na mkanda, kama ule wa feni, ukichukua nguvu kutoka kwenye injini. Ilisukuma hewa muda wote injini ikinguruma. Kutoka hapo mipira na vijibomba vilikwenda mpaka kwenye kila tundu la kutolea moshi. Katikati paliwekwa vali ya njia moja, inayoruhusu hewa kwenda kwenye ekzosi na kuuzuia moshi wa moto usirudi kwenye pampu. Ikumbuke vali hiyo, tutakutana nayo tena.

Palikuwa na vali nyingine pia. Dereva akiondoa mguu ghafla kwenye mafuta, injini hutoa kwa muda mfupi moshi wenye petroli nyingi. Ukiupatia hewa wakati huo, unalipuka ndani ya ekzosi, pu! Vali ya pili ilikuwa ya kuigeuza hewa pembeni wakati kama huo. Ilipoharibika, gari lilipita mtaani likipiga baruti.

Fikiria sasa uko upande wa mwenye gari. Umeongezewa pampu, mkanda, mipira na vali, na ekzosi yenye joto zaidi. Umepata nini? Gari halikimbii zaidi. Halili mafuta kidogo zaidi. Faida yote inakwenda kwa mtu mwingine aliyesimama kando ya barabara, ambaye humjui. Mkanda wa pampu ukikatika, gari linatembea vile vile, pengine jepesi kidogo. Mafundi na vijana wa mbio waligundua hilo upesi, wakaanza kuutoa mkanda na kuziba matundu.

Na hakuna aliyejua. Gari liliidhinishwa kabla ya kuuzwa. Likishatoka kiwandani lilibaki siri kati ya mwenyewe na fundi wake. California ilianzisha ukaguzi wake wa kawaida wa moshi mwaka 1984, miaka 18 baada ya pampu ya kwanza. Sisi waandishi wa programu tunaifahamu hali hiyo. Ni kama ile kazi ya kuhifadhi nakala za data kila usiku: siku ikisimama hakuna anayepiga simu. Simu inakuja miezi sita baadaye, siku diski inapokufa.

Pampu inapata mwenzake, halafu mpinzani

Mwaka 1970 Bunge la Marekani, seneta Edmund Muskie akiwa mstari wa mbele, lilipitisha sheria ya hewa safi iliyodai kaboni monoksaidi na haidrokaboni zipunguzwe kwa asilimia 90 katika magari ya 1975. Rais Nixon alitia saini tarehe 31 Desemba 1970. Muda ulisogezwa baadaye, lakini magari mengi ya 1975 yalitoka na kile kidude ambacho mafundi wetu wanakiita katalitiki: kopo la chuma lenye madini ya thamani kama platinamu ndani, ambalo huunguza mabaki ya moshi bila kuhitaji moto mkali. (Honda walipita njia yao. Injini yao ya CVCC ilivifikia viwango vile bila katalitiki.)

Katalitiki ilihitaji oksijeni, na pampu ilikuwa nayo. Wakawa marafiki. Lakini katalitiki ilikuwa na adui mmoja, madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli. Risasi huyapaka yale madini ya thamani mpaka yasiguswe na moshi. Hapa historia inafika kwetu. Kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, tuliendelea na petroli ya risasi mpaka mwisho wa 2005. Ukiliingiza gari kutoka Japani likiwa na katalitiki nzima, petroli yetu wenyewe iliiua. Wengine waliitoa kabisa na kuweka bomba tupu, na gari likatembea bila kulalamika. Unaona jinsi hadithi inavyojirudia?

Kisha, katika magari ya Volvo ya mwaka 1977 yaliyouzwa California, ikaingia sensa ya oksijeni iliyotengenezwa na Bosch. Kwa mara ya kwanza injini ikapata pua. Sensa inanusa moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au hewa imezidi, na kompyuta inarekebisha. Pamoja nayo ikaja katalitiki inayoshughulika pia na oksidi za naitrojeni, lakini yenye masharti: mchanganyiko uwe karibu kabisa na gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Hewa ikizidi, naitrojeni inapita bila kuguswa.

Ghafla pampu yetu ikawa mgeni msumbufu, anayemwaga hewa mahali ambapo hewa haitakiwi. Wahandisi wakaiwekea zamu: injini ikiwa baridi, isukume hewa juu, karibu na injini, ikipata moto, ielekezwe mbele zaidi, au imwagwe nje. Teknolojia ya kupuliza mafuta ilipoboreka, magari mengi yaliiacha kabisa.

Halafu ikarudi. Viwango vilipozidi kukazwa miaka ya 1990, ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya uchafu unaobaki hutoka katika dakika moja au mbili za kwanza baada ya kuwasha gari. Katalitiki iliyo baridi imelala. Mpaka ifikie joto la nyuzi 300 hivi haifanyi kazi ya maana. Na ndio wakati huo huo injini baridi inapokunywa petroli nyingi ili iweze kuzunguka. Basi pampu ikarudi ikiwa na mota ya umeme badala ya mkanda, na kazi moja: asubuhi ukiwasha gari, ipulize hewa kwa dakika moja hivi, mabaki yaungue ndani ya ekzosi, na joto lake liiamshe katalitiki. Ikishaamka, pampu inazimwa mpaka kesho. Ukisikia gari la Kijerumani la miaka hiyo likivuma kama mashine ya kufyonza vumbi asubuhi kisha likanyamaza, si ugonjwa. Ni pampu iko kazini.

Shahidi anapanda kizimbani

Ukitazama vizuri, kutengeneza pampu halikuwa tatizo gumu. Watu waliiweza mwaka 1966. Tatizo gumu lilikuwa kulifanya gari liseme ukweli juu ya pampu hiyo baada ya miaka kumi, likiwa mikononi mwa mtu asiyejali. Na hilo lilikuwa tatizo la programu.

California ilianza kulidai katika magari ya 1988: kompyuta ya injini ijichunguze na kuwasha taa. Toleo lile la kwanza lilikuwa hafifu, na kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Toleo la pili, OBD-II, likalazimishwa kwa magari mapya yote Marekani kuanzia 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Soketi moja ya pini 16, lugha moja, misimbo ile ile ya makosa.

Kilichonifurahisha mimi ni jinsi kompyuta inavyoikagua pampu. Kwa kawaida haina kipimo maalum cha hewa ya pampu. Inawasha pampu, halafu inaiuliza sensa ya oksijeni, ambayo ipo pale kwa kazi nyingine: umenusa hewa imeongezeka? Sensa ikisema ndiyo, pampu imepita mtihani. Ikisema sijanusa kitu, kompyuta inaandika kosa, lakini haiwashi taa papo hapo. Inasubiri kosa lirudi katika safari nyingine, ili mtu asipelekwe gereji kwa bahati mbaya ya siku moja. Huo ni uandishi mzuri wa programu.

Misimbo ya pampu inaanzia P0410, inayosema mfumo una kasoro. P0411 inasema hewa inayopita si ile inayotakiwa. P0418 inahusu umeme wa rilei ya pampu, na P0491 inasema hewa haitoshi upande wa kwanza wa injini. Ukiunganisha kompyuta yako kupitia kidude chenye chipu ya ELM327, utatuma 03, maana yake nipe makosa, na gari linaweza kujibu hivi: 43 01 04 11. Baiti ya kwanza ni jibu la ombi lako, ya pili inasema kuna kosa moja, na mbili za mwisho ndizo msimbo. Biti mbili za mwanzo zikiwa sifuri, herufi ni P. Kwa hiyo 04 11 ni P0411. Hakuna uchawi.

Gari la mjomba

Nieleze sasa jinsi haya yanavyokuwa nje ya vitabu. Mjomba wangu ana gari la Kijerumani la miaka ya 2000 mwanzoni. Taa ya injini iliwaka, gereji moja ikambadilishia pampu, akalipa pesa ambazo zingenunua mbuzi kadhaa. Baada ya miezi minane taa ikawaka tena, na gereji ikamwambia anunue pampu nyingine. Akanipigia: "Mpwa wangu, wewe si mtu wa kompyuta? Njoo uniulizie hili gari linataka nini."

Jibu la gari lilikuwa lile lile, 43 01 04 11. Hewa haipiti inavyotakiwa. Lakini msimbo huo hausemi kwa nini. Kompyuta ya gari lile inaangalia waya unaoamuru rilei, haiangalii waya unaotoka kwenye rilei kwenda kwenye pampu. Fyuzi ikikatika, kwake ni hewa kutopita. Mpira ukitoboka, ni hewa kutopita. Vali ikigoma, matundu yakijaa masizi, ni hewa kutopita. Mtu anayesoma P0411 na kwenda moja kwa moja kununua pampu amesoma dalili akaiita ugonjwa.

Kwa hiyo tulianza na vitu vya bure. Asubuhi injini ikiwa baridi tuliwasha gari tukasikiliza: kimya. Fyuzi kubwa ya pampu ilikuwa imekatika. Fyuzi haikatiki yenyewe, kwa hiyo tuliitoa pampu na kuipa umeme wa betri moja kwa moja kupitia fyuzi nyingine. Haikuzunguka, fyuzi ya pili nayo ikakatika. Pampu imekwama. Hapo ndipo gereji ilipokuwa imefikia, na ikaishia hapo.

Lakini pampu ya miezi minane, inayofanya kazi dakika moja kwa siku, imekwamishwa na nini? Tulichomoa mpira unaotoka kwenye pampu tukaugeuza. Yakatoka maji meusi yenye masizi. "Maji yameingiaje humu?" mjomba akauliza, "mimi sijavuka mto."

Maji hayo yalitoka kwenye moshi. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Ikiwa ile vali ya njia moja (niliwaambia tutakutana nayo) imeshindwa kufunga, moshi unarudi nyuma kila wakati injini inaponguruma. Ukifika kwenye pampu iliyo baridi, mvuke unageuka maji, maji yanaleta kutu, na kutu inakamata mota. Tuliitoa vali, tukaisafisha mdomo wake, nikaipuliza kutoka upande wa ekzosi. Pumzi yangu ikapita. Haikutakiwa kupita hata kidogo.

Tulinunua vali mpya, pampu iliyotumika lakini kavu ndani, na fyuzi ya ampea zile zile (usiweke kubwa zaidi, utachoma waya). Masizi kwenye njia ya hewa tuliyakwangua na mpira tukaukausha. Kisha, injini ikiwa na moto na imetulia, tuliunganisha mahali pa rilei ili pampu iende kwa nguvu, huku nikiangalia sensa kwenye skrini. Sensa ya gari hilo ni ya aina ya zamani: volti zake zilikuwa zikipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.8. Pampu ilipoanza kuvuma, na msukumo wake ukaifungua vali, mstari ukaanguka na kulala karibu na 0.1. Gari lilikuwa limenusa hewa. Mjomba hakujali mstari, alijali ule uvumi. "Kumbe ndiyo sauti hiyo! Nilikuwa nikiisikia zamani."

Ni hapo tu tulipofuta msimbo. Kufuta kabla ya kutengeneza ni kumwambia shahidi anyamaze.

Shahidi anaweza kufundishwa uongo

Na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Njia rahisi kuliko zote bado iko sokoni: kuingia kwenye programu ya injini na kuzima ukaguzi wa pampu. Taa inazimika, mteja anashukuru, pampu inabaki maiti. Marekani ni kosa la kisheria. Kwetu Kenya tuna kanuni za ubora wa hewa, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyeulizwa barabarani kuhusu dakika ya kwanza ya gari lake.

Wala tusidhani ni tabia ya vijana wa kompyuta wa mitaani tu. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua wakati gari linapopimwa, ikasafisha moshi wakati huo, kisha ikaacha barabarani. Baadaye kampuni yenyewe ilikiri kuwa ni magari milioni 11 hivi duniani. Yale hayakuwa makosa ya spana. Ni mtu kama mimi, amekaa mbele ya skrini kama hii, akaandika "kama" na "vinginevyo".

Mengi ya magari madogo ya Kijapani tunayoendesha hapa hayana pampu hii, kwa hiyo pengine hutaigusa maisha yako yote. Lakini katalitiki unayo, au ulikuwa nayo kabla mtu hajaikata akaenda kuuza madini yake. Sensa ya oksijeni unayo. Taa ya injini unayo, na labda imewaka tangu mwaka jana nawe umeizoea. Katika mtaa wenye nyumba zilizobanana, magari ishirini yanawashwa saa kumi na mbili asubuhi, yote baridi, watoto wakisubiri basi la shule getini. Dakika ile ya kwanza ndiyo wanayoivuta.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Taa ikiwaka, soma msimbo kabla ya kununua spea. Anza na fyuzi, rilei na mipira. Ukikuta pampu imekufa, tafuta kilichoiua, na aghalabu ni vali. Mwombe fundi akuonyeshe sensa ikikubali kwamba kazi imefanyika. Na wewe unayeandika programu, ya gari au ya benki, kila unapoweka sehemu ambayo ikifa hakuna atakayelia, iwekee na wa kuililia.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.